Aliyepona Anaishije? Kupima Maisha ya Wagonjwa Komanda

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kila kituo cha afya katika zoni ya afya ya Komanda hukaa chini kujaza karatasi ambazo wauguzi wa Kongo nzima huziita kanevasi. Wagonjwa wapya wangapi, malaria ngapi, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wamekufa. Hesabu hizo huenda ofisi kuu ya zoni, huingizwa kwenye kompyuta, hupanda hadi Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, kisha Kinshasa. Kazi hiyo ina faida kubwa, maana bila hiyo hakuna ajuaye dawa za malaria zipelekwe wapi wala surua imeanzia kijiji gani. Ila kanevasi haiulizi yule aliyeandikwa kuwa amepona anaishije leo. Analala usiku? Anaona vizuri? Amerudi shambani? Nyumbani wanakula naye sahani moja? Hesabu inamsindikiza mtu mpaka mlangoni pa hospitali, kisha inamwacha hapo.

Huko nje, kupima ubora wa maisha ya wagonjwa kumekuwa fani kamili, yenye madodoso, majarida na wataalamu wake. Mazungumzo yake mengi hufanyika katika miji yenye hospitali kubwa. Nataka kuitazama habari hii kutoka Komanda, mahali ambapo karibu kila kitu kinapungua, kwa sababu ninaamini kwamba swali la "unaishije?" lina kazi hata huko. Lakini lina sharti moja: jibu libadilishe jambo kwa yule aliyelitoa. Pasipo hilo, tunamchosha mgonjwa bure.

Komanda ni mji wa njiapanda katika wilaya ya Irumu, kilomita 75 hivi kutoka Bunia. Barabara itokayo Bunia inagawanyika hapo: moja inaelekea Mambasa na Kisangani, nyingine inashuka Eringeti na Oicha mpaka Beni. Malori ya mbao na kakao hupita hapo, wafanyabiashara hupita hapo, waliokimbia vijiji vyao hupita hapo, na wengine hubaki. Tangu Mei 2021 Ituri nzima iko chini ya utawala wa kijeshi. Hali hiyo haikuzuia wapiganaji wa kundi la waasi la ADF, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, kuwavamia waumini Wakatoliki waliokuwa katika mkesha wa sala mjini Komanda na kuua watu zaidi ya 40. Anayetaka kupima maisha ya wagonjwa wa hapa lazima ajue anapima katikati ya nini.

Mfano unaofaa zaidi ni Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri ulifika pia zoni ya Komanda, ukawakamata watu makumi kadhaa. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, hesabu ya jumla ilikuwa wagonjwa 3,470, vifo 2,287, na walionusurika 1,171. Katikati ya mlipuko huo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliendesha majaribio ya dawa nne kwa wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa mbili zilishinda. Kati ya waliopewa mojawapo ya hizo mbili, kama theluthi moja walikufa. Kati ya waliopewa nyingine mbili, kama nusu au zaidi kidogo. Kipimo kikuu cha ushindi kilikuwa kimoja: je, mgonjwa yuko hai siku ya 28?

Ugonjwa unaoua watu wawili katika kila watatu lazima kwanza upimwe kwa kifo, na majaribio yale ni fahari ya haki kwa Kongo. Lakini siku ya 29 nayo ilifika, na miaka iliyofuata. Nchini Liberia, uchunguzi uliolinganisha walionusurika na watu wao wa karibu ambao hawakuugua ulikuta uvimbe wa ndani ya jicho kwa zaidi ya robo ya walionusurika, ilhali kwa watu hao wa karibu ulikuwa kama asilimia 12. Maumivu ya viungo, kuumwa kichwa na kusahau vilizidi pia. Guinea iliona jambo zito zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu 1,130 walioruhusiwa kutoka vituo vya Ebola, ulikuta kwamba katika mwaka wa kwanza hivi walikufa kwa kiwango kinachozidi mara tano kile cha raia wa kawaida, na wengi inaelekea waliuawa na figo. Hao wote walikuwa wameandikwa kwenye rejista kuwa wamepona.

Jicho hilo lenye uvimbe linastahili kutazamwa kwa karibu. Huanza kwa wekundu, mwanga wa jua unaumiza, herufi za Biblia au za simu zinaingia ukungu. Likiwahiwa, dawa ya matone inaweza kuutuliza uvimbe. Likiachwa, linaweza kupata mtoto wa jicho, na mwisho upofu. Mwaka 2019 madaktari wa macho kutoka Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani walifika Beni kufanya kazi na wenzao Wakongo katika kuwapima walionusurika, na kliniki za kuwafuatilia ziliwekwa katika miji iliyoguswa. Kumbe swali "unaona vipi tangu utoke?" ndilo lililokuwa na uzito, na halikuhitaji mashine. Lilihitaji mtu wa kuuliza kwa wakati, na mahali pa kumpeleka aliyejibu vibaya.

Kuna yasiyoonekana kwa taa ya daktari. Katika mlipuko ule wapo walionusurika waliorudi vituoni kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao hawakuwa na hofu ya kuambukizwa. Kazi hiyo iliwapa mshahara, na iliwapa heshima wakati ambapo jirani alikuwa akikwepa kukaa nao benchi moja. Mlipuko ulipokwisha, kazi nyingi za aina hiyo nazo zilikwisha. Mtu kama huyo ukimpima damu utamkuta mzima. Ukimuuliza anavyoishi utasikia mengine.

Basi aulizwe vipi? Katiba ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 1948 ilisema afya ni zaidi ya kukosa ugonjwa: ni hali njema ya mwili, akili na maisha ya mtu kati ya watu. Ilichukua miongo kadhaa kuyageuza maneno hayo kuwa maswali. Shirika hilohilo lilitengeneza dodoso lenye maswali 26 yanayogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Watafiti wa Ulaya walioanza kukutana mwaka 1987 walitoa dodoso fupi zaidi, EQ-5D, lenye mambo matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila jambo, katika toleo la kwanza, lina ngazi tatu, kwa hiyo kuna hali 243 ambazo mtu anaweza kuwamo. Kisha raia wa kawaida huulizwa kila hali ina ubaya gani, na majibu yao hugeuzwa kuwa alama: 1 ni afya kamili, 0 ni sawa na kufa, na hali nyingine hushuka chini ya sifuri, maana watu wamesema heri kufa kuliko kuishi hivyo.

Hapo ndipo napata shaka. Barani Afrika kazi hiyo ya kupanga alama ilianzia Zimbabwe, matokeo yakatoka mwaka 2003. Ethiopia na Uganda zilifuata miaka mingi baadaye. Kutumia alama za Harare au za Addis Ababa kwa mkulima wa Irumu ni kumpimia dhahabu kwa mizani ya viazi. Kwa mama wa Komanda, kushindwa kubeba mtoto mgongoni na kushindwa kupanda ngazi si mizigo inayolingana, na ngazi zenyewe ni chache. Dodoso jingine maarufu la Marekani, SF-36, liliuliza kama mtu anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Watafiti waliolileta Dar es Salaam walilitengeneza upya kwa Kiswahili na kulijaribu kwa wakazi wa jiji hilo kabla ya kuliamini, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Walifanya vyema. Hata hivyo Kiswahili cha Dar es Salaam kikifika Komanda kinasikika kama cha redioni, na shughuli za siku za mtu wa Kariakoo si za mtu wa Irumu.

Njia ninayoipendelea ni ile iliyotumiwa na Paul Bolton na wenzake nchini Rwanda na Uganda tangu mwisho wa miaka ya 1990. Hawakuanza na dodoso. Waliwauliza wenyeji: mwanamke mzima wa hapa hufanya nini kujitunza, kutunza familia, kushiriki na jamii? Wenyeji wakataja kulima, kupika, kuoga, kwenda mazishi, kushauri watoto. Kutokana na orodha hiyo ndipo maswali yalipozaliwa: kazi hii kwako sasa ni ngumu kiasi gani? Mtindo huo uliingia hata mashariki mwa Kongo. Mwaka 2011, katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki katika majaribio ya tiba ya maongezi. Vijiji vingine vilipata tiba ya kikundi, vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja, na washauri walikuwa wanawake wa hukohuko waliopewa mafunzo. Walipima dalili za huzuni na hofu, na walipima pia ugumu wa kazi za kila siku. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa tiba ya kikundi, na asilimia 42 upande mwingine. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, lakini waliweza kueleza maisha yao kwa namna inayopimika.

Kwa wasiosoma kuna mbinu nyingine ninayoona ingefaa kesho asubuhi katika hospitali yoyote ya Ituri. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao Kampala, kina dodoso la maswali kumi kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi: saba ya mgonjwa, matatu ya anayemuuguza. Mgonjwa hujibu kwa mkono. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vitano ni mwisho. Mfikirie mzee mwenye saratani, amelala upande wa ukutani, na muuguzi ameinama karibu naye.

"Muzee, hizi siku tatu maumivu iko namna gani? Nionyeshe na mukono."

Vidole vinne.

"Na moyo, iko na amani?"

Kidole kimoja.

Hapo muuguzi asijumlishe tu. Kwenye maumivu vidole vingi ni vibaya, kwenye amani vidole vingi ni vizuri, na aliyechoka kwa zamu ya usiku anaweza kuchanganya. Lakini kwa dakika moja amejua mambo mawili ambayo faili halikuwa nayo.

Sasa vile vidole vinne vinakwenda wapi? Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, vina pa kwenda. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya unga iliyochanganywa na maji inaweza kumfikia mgonjwa hadi kijijini, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa na sheria kuiandika. Upande wetu, kama kabati lina parasetamoli peke yake, vidole vinne leo vitakuwa vinne kesho, au vitano. Ndiyo maana nasema kipimo na dawa viende pamoja. Kuuliza maumivu mahali pasipo na dawa ya maumivu kunaweza kuwa na maana moja tu, nayo ni kukusanya ushahidi wa kudai dawa hiyo kwa mganga mkuu wa zoni na kwa mkoa. Anayeuliza awe ameazimia kudai.

Kwamba kuuliza kunaokoa, ushahidi upo. Jijini New York, daktari Ethan Basch na wenzake waliwapa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa njia mbili: kundi moja huduma ya kawaida, jingine kujaza dalili zao kwenye tovuti, na dalili ikizidi muuguzi anapata taarifa mara moja. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokuwa wakiulizwa waliishi miezi 31 na kitu kwa kipimo cha kati, wengine 26. Ni saratani za aina zilezile na hospitali ileile. Ukitazama vizuri utaona kwamba tovuti haikuwa siri ya mafanikio hayo. Siri ilikuwa muuguzi aliyepokea taarifa na kuchukua hatua. Uingereza nayo, tangu Aprili 2009, huwauliza waliobadilishiwa nyonga na magoti kabla na baada ya upasuaji, wakaweza kujua hospitali zipi zinawarudisha watu kwenye miguu yao kweli.

Komanda ina ugumu ambao madodoso hayo hayakuufikiria. Muulize mama kama ana shida katika shughuli za kila siku. Anasema ndiyo, kubwa: hajaenda shambani tangu mwezi wa tatu. Alama yake inashuka. Lakini mguu wake umepona. Kinachomzuia ni watu wenye bunduki na mapanga njiani. Dodoso limepima vita na kukiandikia kituo cha afya makosa yasiyo yake. Kinyume chake pia hutokea. Aliyezoea kulala porini na watoto, ukimuuliza kwenye kambi chini ya turubai, atasema hali ni nzuri, kwa kuwa jana ilikuwa mbaya zaidi. Dawa yake ni ndogo: baada ya kila "siwezi", uliza "kwa sababu gani?", na uandike kama ni mwili, ni usalama, ni pesa, au ni watu. Neno hilo moja litamfaa mganga mkuu wa zoni kuliko alama yoyote ya jumla.

Kuna adabu pia. "Unasikia aje, mama?" "Nasikia muzuri, munganga. Aksanti." Hujibu hivyo huku ameshika kiuno. Mgonjwa hamlaumu munganga usoni, hasa kama atarudi kwake wiki ijayo. Kwa hiyo asiulize yule aliyetibu. Marelè wa jamii, wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba, wangeweza kuuliza mambo mengi: usingizi, macho, kutembea, chakula. Lakini relè ni jirani, na jirani ana masikio na mdomo. Mambo ya ubakaji, virusi vya Ukimwi na fistula yabaki kwa muuguzi au mshauri aliyefunzwa, kwenye chumba chenye mlango. Nataja fistula, tundu linalovujisha mkojo, kwa sababu inaonyesha tofauti wazi kabisa: mpasuaji huhesabu tundu lililoziba, mwanamke huhesabu kama anaweza kuketi kanisani bila kunuka mkojo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walitengeneza kipimo maalumu cha namna wanawake hao wanavyorudi katika jamii baada ya upasuaji, na waliwafuata mwaka mzima.

Muuguzi atasema hana muda, naye ana haki. Kwa hiyo sipendekezi maswali 26 kwa kila anayeingia na homa. Malaria ya kawaida ya mtoto ikipona imepona. Wanaostahili kuulizwa ni wale ambao maisha yao yanabadilika baada ya kutoka: walionusurika Ebola, waliopigwa risasi na kukatwa viungo, waliozaa kwa kupasuliwa, wenye kifafa, sukari, Ukimwi na saratani, na waliofanyiwa ukatili. Kwa kila kundi maswali matatu au manne, yaliyotoka kwa wenyewe, yaulizwe siku ya kutoka na tena baada ya miezi mitatu. Na majibu yasitumike kuwalipa wahudumu. Kongo inaufahamu mfumo wa kulipa vituo kulingana na utendaji, ambao Benki ya Dunia imeugharimia katika majimbo kadhaa. Ukifunga pesa kwenye jibu la mgonjwa, majibu yatapendeza haraka sana, na hatutajua tena nani anaumwa.

Ningeongeza swali moja ambalo halimo katika madodoso niliyoyataja: mliuza nini ili kulipa hospitali? Katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa aliyepona huweza kuzuiwa mpaka deni lilipwe, na familia huuza mbuzi, baiskeli, pikipiki iliyokuwa ikiwalisha, au kipande cha shamba la kakao. Mwili unatoka mzima, nyumba inabaki mgonjwa. Jibu la swali hili, tofauti na mengi, lina mahali pa kwenda palepale Komanda. Kila eneo la afya lina CODESA, kamati ya wananchi inayokaa na muuguzi mkuu kujadili mambo ya kituo, bei zikiwemo. Mezani kwao huwekwa kanevasi ya mwezi. Iwekwe pia orodha, bila majina, ya vitu vilivyouzwa mwezi huo: pikipiki ngapi, mbuzi wangapi, mashamba mangapi, kwa sababu ya ugonjwa gani. Kama upasuaji wa uzazi ndio unaomaliza mbuzi wa kijiji, kamati itajua ianze kuijadili bei ipi, na mganga mkuu wa zoni atajua kijiji kipi hakitakuwa na cha kuuza mama mwingine akipata uchungu.